Aliyechaguliwa Namba Mbili

Vijana wangu wa basketi hapa Kakuma wanajua kitu kimoja tu kuhusu Hasheem Thabeet: mwaka 2009 alichaguliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA, na Stephen Curry akachaguliwa namba saba. Wakishasema hivyo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mtu akikosa kufunga akiwa peke yake chini ya ringi, anaitwa Thabeet.

Mimi sicheki. Nina kijana mmoja kwenye timu, tunamwita Mlingoti, yuko kidato cha tatu na bado anarefuka. Ajenti fulani amempigia simu mara nne. Anasema ana shule Marekani, ila kwanza itumwe shilingi 30,000 za kufungua faili. Mama yake anashona milaya, yale mashuka ya maua ya Sudan Kusini, shuka moja linaweza kula miezi. Alikuja kuniuliza kama auze yote manne. Kwa hiyo habari za masenta kwangu si za kuchekesha.

Na vijana wetu wana mifano mikubwa, sikatai. Khaman Maluach alikulia Kawempe, Kampala, mkimbizi kama sisi, na 2025 akachaguliwa namba kumi akitoka Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka mmoja kabla alikuwa Paris na timu ya Sudan Kusini kwenye Olimpiki, ile timu iliyofungwa na Marekani kwa pointi moja tu kule London kwenye mechi ya kujiandaa, 101 kwa 100. Hapa kambini usiku ule hakuna aliyelala. Lakini kwa kila Maluach kuna warefu wengi ambao njia yao itafanana zaidi na ya Thabeet, tena hapo ni kama wana bahati. Ndo maana nataka isimuliwe yote.

Alizaliwa Dar es Salaam 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15, umri ambao hapa tunamwambia mtoto amechelewa. Akaenda kumalizia sekondari Houston, Texas, halafu 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21. Miaka mitatu pale chuoni alizuia mitupo 417. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na mitupo kumi aliyoizuia. Kuzuia kumi kwenye mechi moja! Mwaka huo timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, wakatolewa na Michigan State.

Basi Memphis wakamchukua namba mbili, Mtanzania wa kwanza NBA. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, wakamshusha kwenye ligi ndogo, timu ya Dakota. Hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho akashushwa kule kabla yake. Akauzwa Houston, kisha Portland, halafu akasaini mwenyewe Oklahoma City. Kwa jumla mechi 224, wastani wa pointi mbili na kidogo. Wazungu wana jina lao la mchezaji kama huyo, na vijana wetu wamelidaka bila kuuliza.

Naomba tuulize. Kazi ya senta wa zamani ilikuwa kulinda ringi, kuokota ribaundi na kusimama kama ukuta ili mwenzake apite. Thabeet alifundishwa hiyo. Miaka ileile mchezo ukahama, ukaenda nje ya mstari wa pointi tatu, na Curry ni mmoja wa waliouhamisha. Senta akatakiwa akimbie na walinzi wafupi na atupe kutoka mbali. Mtu aliyeanza saa za jioni, saa hizo anabadilishiwa somo. Sisemi hakuwa na upungufu wake, maana wapo warefu waliobadilika wakadumu. Nasema kumcheka peke yake ni uvivu wa kufikiri.

Na kuna sehemu ambayo vijana hawaijui kabisa. Mwaka 2017 alikuwa Japani, Yokohama. Baadaye akarudi ligi ndogo ya Marekani, Fort Wayne. 2020 akaenda Taiwan, timu ya Hsinchu, kwenye ligi iliyokuwa ndo kwanza inaanza, na msimu uliofuata akahamia timu nyingine hukohuko. Hesabu miaka: alikuwa na 34 na bado analipwa kucheza. Ligi kama hizo huwa zinaruhusu wageni wachache tu kila timu, na nafasi hizo wengi wanapenda kumpa mtu mrefu, kwa sababu mrefu ndo kitu ambacho wenyeji wanakikosa. Mikataba mingi ni ya msimu mmoja. Unafika, lugha huijui, chakula hukijui, ukiumia mguu wanamtafuta mwingine. Sisi wakimbizi maisha hayo tunayaelewa vizuri kuliko anavyoelewa mchambuzi wa mpira aliyekaa kwake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na pasipoti.

Mlingoti nilipomwonyesha Yokohama kwenye ramani ya simu, aliuliza, “Kocha, huyo si ndo yule aliyeanguka?” Nikamwambia ndiye. Akanyamaza, halafu akauliza, “Na huko Taiwan walikuwa wanampa nyumba?” Nilipenda swali hilo kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Nikamweleza kwamba huko nje mara nyingi nyumba inaandikwa ndani ya mkataba, na asipoiona imeandikwa asisaini.

Kwa mama yake nilitumia maneno mengine. Aliuliza, “Mwalimu, sema kweli, hii mutu ya simu iko ya kweli?” Nikamwambia mimi simjui, ila shule ya kweli ya Marekani ina jina, na yenyewe ndo inatoa fomu ya I-20 ambayo kijana anaenda nayo ubalozini kuombea viza. Pia vyuo vya kule, kabla mtoto hajacheza, vinaangalia masomo 16 ya msingi ya sekondari, hesabu na Kiingereza humo ndani. Urefu hausahihishi mtihani. Na mkimbizi anahitaji hati yake ya kusafiria, ambayo ajenti hana uwezo wa kuitoa hata akilipwa mara kumi.

Nikampigia ajenti kwa simu yangu, spika wazi, mama akisikia. Nikaomba jina la shule tu, tuandikie wenyewe. Akasema atatuma jioni.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Milaya ziko nne bado, nimeziona juzi zimetandikwa kwa ajili ya wageni. Mlingoti ana mtihani wa hesabu Alhamisi, na mazoezi nimeyasogeza hadi Ijumaa.