Betri ya mtumbwi ndani ya gari

Saa nane usiku mtoto wa tatu alishikwa na degedege. Nyumba yao iko Ujiji, Hospitali ya Maweni iko Kigoma mjini, si mbali, na gari lilikuwa uani. Baba akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, zikafifia, injini ikatoa sauti ya ka-ka-ka na kunyamaza. Gari lenyewe ni la gia otomatiki, kwa hiyo hata majirani waliotoka mbio kutaka kulisukuma hawakuwa na la kufanya. Mama alimpakata mwanawe kwenye bodaboda, baba akafuata kwa nyingine.

Walifika salama. Mtoto alitibiwa malaria, na siku ya tatu alikuwa anadai chapati. Mama hakuisahau ile ka-ka-ka.

Chanzo alikijua. Baba ana mtumbwi wa dagaa Katonga. Dagaa hufuata mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, na betri za taa hurudi nyumbani. Betri ya gari ilipoanza kusuasua asubuhi, baba aliitoa, akaweka moja ya mtumbwi na kuikaza kwa mpira wa baiskeli.

"Betri ni betri, mama watoto," alisema.

Ikafanya kazi wiki mbili nzima, na hapo ndipo ilipomdanganya. Betri ya taa au ya sola ina vibamba vinene vya risasi, imetengenezwa itoe umeme kidogo kidogo usiku kucha. Ya kuwashia gari ina vibamba vyembamba na vingi, itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha altaneta iirudishie. Ukiipeleka hiyo ya gari ziwani ikeshe na taa, nayo hufa mapema. Na hii ya mtumbwi ilikuwa imeshachoka kabla ya kuingia kwenye gari.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, ile fedha ya nyavu tununue betri kwanza." Baba alikaa kimya muda mrefu. Nyavu zilikuwa zimesubiriwa mwaka mzima. Kesho yake aliweka fedha mezani bila neno.

Fundi wa Mwanga hakukimbilia kuuza. Alilistua gari kwa betri nyingine, akapima umeme injini ikiwa inaunguruma: volti 14 na ushee. "Altaneta yako nzima, mama. Ingekuwa mbovu, ungenunua betri mpya halafu mwezi ujao ungerudi hapa kunitukana." Kisha akamsomea maandishi ya betri ya zamani: 46B24L. Namba ya kwanza ni nguvu, B ni kimo na upana, 24 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande ambao vichwa vimekaa.

Herufi hiyo moja ndiyo iliyomwokoa. Duka la kwanza walimpa betri yenye R, wakimsifia kuwa ina nguvu zaidi. Kwenye gari lake waya wa chanya usingefika, na anayelazimisha akachanganya chanya na hasi huunguza mfumo wa umeme. Duka la pili namba zilikuwa sawa, ila betri ilikuwa imekaa rafuni hadi vumbi limeganda. Betri ya asidi hujipunguza chaji yenyewe hata isipotumika. La tatu aliuliza mwezi wa kutengenezwa, akaomba ipimwe mbele yake. Ilisoma 12.6. Akalipa.

Kaka yake wa Dar es Salaam, mwenye Prius, alicheka kwenye simu, kisha akakiri kwamba yeye alikaribia kukosea vibaya zaidi. Gari la haibridi lina betri mbili. Ile ndogo ya volti 12 kwenye gari lake iko nyuma, ndani ya buti, kwa hiyo inatakiwa ile yenye mrija wa kutolea gesi nje; kwenye za Kijapani herufi S hutangulia namba. Ile kubwa, yenye nyaya za rangi ya machungwa, haiguswi na fundi wa kubahatisha.

Ikabaki betri ya zamani, imewekwa chini ya mwembe, mahali watoto wanapochezea kupika. Mama aliifukuza siku hiyohiyo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole bila homa wala kikohozi, na asidi huunguza ngozi. Ilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima, bila kumwagwa maji yake mtaroni.

Usiku wa kwanza wa betri mpya, saa nane, baba alitoka uani. Aliwasha gari, akalisikiliza, akalizima. Mama alimsikia kutoka kitandani, akajigeuza upande wa mtoto.