Mlimani, Moto Humpita Mtu Mbio

Ukiianza safari ya Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza utatembea kivulini. Miti mirefu imefunika njia, na ardhi ina unyevu. Lakini ukishapita vibanda vya Mandara, penye mita 2,720, msitu unakwisha. Mbele yako ni nyasi na vichaka hadi Horombo, mita 3,720. Wakati wa kiangazi vichaka hivyo huwa kuni tupu.

Katikati ya mwendo huo pana Whona, mahali wapandaji wanapopumzika na kula. Hapo ndipo ulipozuka moto wa tarehe 11 Oktoba 2020. Taarifa za awali za hifadhi zilieleza kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Upepo ukauchukua, nao ukawaka kwa siku kadhaa. Mamia ya watu, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji, walipanda kuuzima, wengine wakiwa na matawi mabichi tu mikononi.

Moto wa mlimani una tabia yake. Penye mteremko, joto hutangulia juu na kukausha majani kabla ndimi hazijayafikia. Ndiyo maana moto hupanda mbio kuliko mtu, hasa mtu aliyekwisha kuishiwa pumzi kwa uhaba wa hewa.

Basi uonapo moshi, usingoje kuona moto. Mfuate kiongozi wako. Hesabianeni, wapagazi wakiwemo, na mizigo iacheni. Moto ukiwa chini yenu, msikimbilie juu. Piteni pembeni mwake, mbali na upepo uelekeako, kisha mshuke. Epukeni makorongo membamba, maana huvuta moto kama dohani. Vua nguo ya nailoni, kwani huyeyuka mwilini. Pamba au sufu ni afadhali. Funga kitambaa puani. Njia ikizibwa, kimbilia kwenye miamba mitupu au ardhi iliyokwisha kuungua, ulale kifudifudi.

Msitu huo ndio chemchemi ya mifereji ya Wachagga na ya mito inayoujaza Pangani. Kwa hiyo kabla hujainuka pale Whona, hakikisha jiko limezimwa. Kama pana majivu, yamwagie maji, uyaguse kwa mkono. Yakiwa baridi, endelea na safari.