Alama ya Dole Gumba

Wako watu wasomao hadithi za upelelezi kwa ajili ya bastola na mbio za usiku. Mimi hupendezwa zaidi na mtu aketiye kimya mbele ya hadubini. Ndiyo sababu kitabu cha R. Austin Freeman kiitwacho The Red Thumb Mark, kilichotoka Uingereza mwaka 1907, nimekisoma mara tatu, na mara ya tatu kwa raha kuliko ya kwanza, ingawa mwizi nilikwisha kumjua.

Freeman alikuwa tabibu, na alipata kutumikia Gold Coast, nchi iliyoitwa Ghana tangu mwaka 1957. Mjuzi aliyemtunga, Dakta Thorndyke, ni tabibu na mwanasheria pia. Hakubali jambo mpaka amelipima mwenyewe.

Kadhia yenyewe ni hii. Almasi zimeibwa katika kasha la chuma la mfanyabiashara mmoja, na ndani yake imeonekana karatasi yenye alama ya dole gumba iliyopigwa kwa damu. Alama hiyo ni sawa na ya Reuben, mwana wa nduguye. Polisi hawana shaka; hata wakili wa kijana anamshauri akiri. Wala si ajabu, maana mwaka 1905 ndugu wawili wa ukoo wa Stratton walinyongwa London kwa mauaji, na ushahidi mkubwa ulikuwa alama ya dole gumba katika kisanduku cha fedha.

Hapa ndipo moyo wangu huenda mbio. Wote wanauliza dole ni la nani. Thorndyke anauliza kama kweli dole liliigusa karatasi ile. Anaikuza alama, anaona ufa mdogo mweupe wenye umbo la herufi S. Ufa huo huo umo katika alama ambayo Reuben aliipiga zamani, kwa mchezo tu, katika kijitabu cha jamaa zake, nao ulitokana na uzi wa karatasi ya kijitabu. Kasoro ya karatasi ile imefikaje katika damu ya kashani? Basi alama ya damu ni muhuri ulionakiliwa kijitabuni. Aliyeutengeneza simtaji.

Jambo hili halikuwa mchezo kwetu. Katika miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake. Kidole chake kiliaminiwa kuliko ulimi wake. Nikiwaza hayo, Reuben kizimbani haniwii tena Mwingereza wa mbali.

Mapenzi ya Dakta Jervis, msimulizi, yanachosha kidogo, na mwenye haraka aweza kuzipita kurasa zake. Lakini mahali Thorndyke anapowapa wajuzi wa polisi alama za kweli zilizochanganywa na za kughushi, awaambie wazitenge mbele ya hakimu, pasomwe polepole.