Kutaja na Kuita

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo hata mtoto mdogo havichanganyi: kutaja na kuita. Ukimtaja mtu, jina lake limepita mdomoni mwako, naye anaendelea na shughuli zake huko huko aliko. Ukimwita, anaweka jembe chini na kuja. Nilifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, darasani, kisha katika ofisi ya mwalimu mkuu, na nilidhani uzito wa tofauti hiyo naufahamu. Kumbe sehemu kubwa ya uzito wake ilinisubiri uzeeni, tena ndani ya JavaScript, lugha ambayo watu hutumia kuiamuru kompyuta.

Mjukuu wangu alikuja Mbulu likizoni kutoka chuoni, anakosomea mambo ya kompyuta. Siku ya tatu, tukiota moto maana baridi ya Mbulu haina mzaha, akasema, "Babu, mimi sirudi. Mjomba ana nafasi dukani kwake Katesh. Haya mambo si ya watu wa huku." Maneno hayo ya mwisho yaliniuma kuliko yale ya kwanza. Duka ni kazi ya heshima. Lakini binti wa miaka ishirini anapokata shauri kwamba kuna elimu iliyoumbwa kwa ajili ya watu wengine, mwalimu hawezi kulala.

Nikamwuliza ni kitu gani hasa kilichomshinda. Akajibu: fanksheni. Nikamtaka anieleze fanksheni ni nini. Akanikariria fasili nzima kwa Kiingereza safi, neno kwa neno, bila kukwama. Nikamwomba aniambie hayo hayo kwa Kiswahili. Akanyamaza.

Ndugu msomaji, kila aliyewahi kushika chaki katika nchi hii anaujua ukimya ule. Kizazi chake kilisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kikaamka asubuhi moja kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limehamia kwenye Kiingereza. Kwa watoto wa Mbulu na Hanang safari ni ndefu zaidi, kwa kuwa wengi huanza na Kiiraqw au Kidatoga nyumbani. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba usipoelewa unaweza kukariri, na ukikariri vizuri utafaulu. Kompyuta, hata hivyo, haina huruma ya msahihishaji. Haitoi alama kwa fasili nzuri.

Usiku ule nilichukua daftari lake nikalisoma mpaka taa ikaanza kufifia. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, na niliona kwamba jambo lenyewe si geni hata kidogo. Asubuhi tukaiweka fasili kando, tukaanza na mtoto anayetumwa dukani.

Kila nyumba ina maagizo yake ya dukani: nenda, nunua sukari, rudi nayo. Maagizo hayabadiliki. Kinachobadilika ni kiasi cha sukari na fedha unazompa mtoto mkononi. Fanksheni ni maagizo ya namna hiyo, yaliyopewa jina na kuachiwa nafasi za vitu vitakavyobadilika. Kazi aliyopewa mjukuu wangu chuoni ilikuwa kukokotoa mauzo ya mazao mawili na kuyajumlisha. Tukachukua mazao ya kwetu: vitunguu saumu vya Mbulu na ngano ya Basotu. Tukaandika:

function thamani(kilo, bei) {
  return kilo * bei;
}

Kinyota hicho ndicho alama ya kuzidisha. Neno la kwanza linatangaza kwamba maagizo yanaanza; "thamani" ni jina tulilochagua wenyewe; "kilo" na "bei" ni nafasi mbili zinazosubiri kujazwa. Neno "return" ndilo linalosema: rudi na jibu.

Hapo ndipo alipokuwa amekwama tangu mwanzo. Alikuwa akiandika maagizo yake vizuri, kisha anakaa kuitazama kompyuta, nayo inamtazama. Hakuna kinachotokea. Alidhani kifaa ni kibovu, au yeye ndiye mbovu. Kumbe maagizo yaliyoandikwa yanalala tu, kama mtoto aliyefundishwa njia ya dukani lakini bado hajatumwa. Alipoandika "thamani" peke yake na kuamuru ionyeshwe, kompyuta ilimwonyesha maagizo yenyewe badala ya jibu, kwa sababu alikuwa amelitaja jina tu. Mwito una mabano: thamani(40, 5000). Kilo 40 za vitunguu saumu, tuseme kwa shilingi 5,000 kila kilo. Alipoweka mabano na kuyajaza, kompyuta ilitenda. Kutaja hakuna mabano. Kuita kuna mabano. Nilipomwambia hivyo alicheka, na tangu afike sikuwa nimemsikia akicheka.

Walimu wenzangu watalitambua jambo hili upesi. Katika vyuo vya ualimu tulikesha tukiandika andalio la somo: muda, hatua, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi. Nikiwa mwalimu mkuu niliyakagua maandalio hayo kila juma na kuyatia sahihi. Hata hivyo andalio lililotiwa sahihi halijamfundisha mtoto yeyote. Somo huzaliwa pale mwalimu anaposimama mbele ya watoto walio hai, wa darasa hili na siku hii. Andalio hilo hilo hutumika mkondo A na mkondo B na kuleta matokeo mawili, kwa kuwa waliojaza nafasi ni tofauti. Ndivyo thamani ilivyopokea vitunguu kwanza, na baadaye ngano, kilo 300 kwa shilingi 1,000, bila sisi kuandika maagizo upya.

Kizingiti cha pili kilikuwa kigumu zaidi. Katika majaribio yake ya zamani hakutumia "return". Alitumia amri iitwayo console.log, ambayo huyaandika majibu kwenye kioo. Akaona 200000 ikitokea, akaona 300000 ikitokea, akafurahi. Lakini alipoiambia kompyuta ijumlishe miito hiyo miwili, ikamjibu NaN, yaani hii si namba. Iweje namba mbili zinazoonekana kwa macho zikatae kujumlishwa?

Nikamrudisha kwa mtoto wetu wa dukani. Yuko mtoto anayefika kwenye kona, anapaza sauti, "Sukari ipo, elfu tatu!" kisha anaendelea kucheza. Nyumba nzima imesikia, ila mkononi mwako hamna kitu, na chai haikolezwi kwa sukari ya kusikia. Yuko mwingine anayerudi kimya na kuiweka sukari kiganjani. Console.log hupaza sauti. Return huweka kiganjani. Fanksheni isiyo na return inarudi mikono mitupu, na kompyuta huuita utupu huo "undefined". Ukijumlisha utupu na utupu hupati namba. Hali kadhalika ukimtuma mtoto bila fedha, yaani ukaita thamani(40) na kusahau bei, JavaScript haitakugombeza. Itaendelea na safari na kukuletea NaN ile ile. Ni lugha ya upole unaoweza kukuponza.

Likabaki suala la vitu vinavyozaliwa ndani ya fanksheni. Nilimkumbusha zile nyumba za tembe za wazee wetu, zilizochimbwa kwenye mteremko na kuezekwa udongo. Aliyekaa ndani gizani huona uani kupitia mlangoni. Aliye uani haoni kilichomo ndani. Ndivyo ilivyo fanksheni. Kinachotangazwa ndani yake hakionekani nje, ilhali yenyewe huviona vya nje. Atakaye kitu cha ndani hana budi kungoja kitolewe, na mlango wa kukitolea ni return.

Yeye naye alinifundisha jambo. Maneno ya msingi kama "function" hayabadiliki, lakini majina tunayoyabuni yanaweza kuwa ya lugha yetu, na kompyuta haijali kama ni Kiswahili au Kichina. Akataka kujaribu Kiiraqw. Hapo tukagonga mwamba mdogo. Katika Kiiraqw kilichoandikwa, kama kilivyo katika kazi za wanaisimu, mkwaju huu, /, ni herufi kamili, sauti ya kooni tuliyoirithi na lugha zetu za Kikushi. Kwa JavaScript mkwaju ni alama ya kugawanya. Mwiraqw anaandika herufi. Kompyuta inaona hesabu. Tulicheka, kisha tukachagua jina lisilo na sauti hiyo. Brendan Eich, aliyeitunga lugha hii mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape huko Marekani, aliandika umbo lake la kwanza kwa siku 10 tu. Hakutuwazia sisi, wala simlaumu. Ila kitu kilichotungwa na mtu kwa siku 10 hakiwezi kuwa siri ya ukoo mmoja wa wanadamu. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu, na nadhani neno hilo lilimfaa kuliko mifano yangu yote.

Likizo ilipokwisha alirudi chuoni. Mjomba alipata kijana mwingine wa dukani.

Mimi nilibaki na fikra ambayo haijaniachia. Watoto wetu tunawatuma shule wakiwa na sare na madaftari. Wengi hufika kwenye kona ya mtihani, wakapaza sauti yote waliyoambiwa, wakapata vyeti. Kisha maisha yanapotaka kuchukua elimu ile na kuijumlisha na nyingine ili kipatikane kitu kipya, mkononi mnakuwa hamna kitu. Hawakuwa wazembe. Walifundishwa kutaja. Mwalimu kijana unayesoma kurasa hizi, ukishaandika fasili ubaoni, usiifute na kwenda zako. Mpe mtoto kilo arobaini za vitunguu saumu na bei ya gulio la kwao, umwambie aiite mwenyewe, kisha umsubiri aje na jibu mkononi. Asipoweza kulieleza kwa Kiingereza, muulize kwa lugha anayoiotea ndoto.