Jahazi na Shehena Yake

Mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni, Tanga, alirithi kwa marehemu baba yake daftari la mashairi. Karatasi zilikwisha kuingia madoa na wino ulikuwa ukififia. Akaazimia kuyanakili katika kompyuta, kisha ayapime: je, kila mshororo umetimia mizani 16, ukwapi 8 na utao 8?

Binti yake alimshauri atumie lugha ya programu iitwayo Python, pamoja na kifurushi cha NLTK cha kuchambulia lugha, kilichoanzishwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Amri moja fupi, kifurushi kikashuka. Lakini kilipoagizwa kisome matini ya Kiswahili, kompyuta ilijibu kuwa haikuyaona, ikataja kila folda iliyopekua.

Haikuwa hitilafu. Kifurushi kile ni maagizo tu. Matini yake huhifadhiwa mbali, nayo hupakuliwa kwa amri ya pili, kila mkusanyo kwa jina lake. Jahazi limetia nanga, ilhali shehena ingali ghalani ng'ambo. Kwa kuwa intaneti ya nyumbani ilisuasua, binti aliyapakua mafaili mjini, akayaleta kwa flashi, akayaweka katika folda iitwayo nltk_data. Safari hii kompyuta ikasoma.

Ikasoma nini? Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu ya mwaka 1948, kwa Kiswahili. Maneno matukufu, ila hayana vina wala mizani. Mzee, mzawa wa mkoa alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, alitafuta ushairi wa kwao humo, asiukute.

Alinyamaza kitambo. Mashine haikumdharau mtu; huleta kilichopakiwa, na tungo za baba yake hakuna aliyezipakia. Basi akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akaanza kuandika.

Programu ya kuhesabu mizani waliitunga wenyewe.

"Tuhesabu irabu, baba?"

"Hesabu, mwanangu. Lakini 'mtu' ni mizani ngapi?"

"Irabu ni moja."

"Na mizani ni mbili. Hiyo 'm' husimama peke yake. Iandikie kanuni yake."

Binti akaiandika. Tangu jioni ile, kila siku ubeti mmoja huingia katika folda, kando ya shehena iliyotoka ugenini.