Dua Isomwayo Kimya

Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Unguja walipoziambatisha baraza za mawe na chokaa na kuta za nyumba zao, hawakuwa wakimfikiria mtu wa kulala. Baraza ilikusudiwa mgeni azungumze na mwenye nyumba bila ya kuingia ndani waliko wanawake. Muuza kahawa atue dele lake. Na masika njia ikigeuka mto, wapiti njia wapite juu yake. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na yameandikwa mengi juu ya milango yake. Baraza zimepata machache. Wanaolala juu yake, baina ya isha na alfajiri, hawakupata hata hayo.

Mmoja wao alikuwa mzee aliyepindukia miaka sabini, hamali wa bandarini zamani zake. Chumba alichopanga kiliondoka pamoja na nyumba yenyewe, iliyoporomoka magharibi moja ya masika, kama zilivyoporomoka nyingine katika mji ule ambao chokaa yake haistahimili kusahauliwa. Yeye alikuwa msikitini. Tangu hapo akilala kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, akiukunja mkeka kabla ya adhana na kuifagia baraza kwa ufagio wa chelewa, ili mchana isijulikane kuwa palilala mtu.

Kila alfajiri alipita hapo mwalimu mmoja aliyekaribia kustaafu. Mwalimu huyu hampiti mtu mzima bila ya shikamoo, ila huyo mmoja. Kwake alikuwa na neno jingine. Ipo dua waliyofunzwa Waislamu, isomwayo na amwonaye aliyepatwa na balaa: kumhimidi Mungu aliyemwepusha yeye na lililomfika mwenziwe. Mwalimu akiisoma, na akiendelea na safari moyo umetua. Dari yake yavuja, lakini ni dari. Mkewe ana maneno, lakini yupo. Shukrani hiyo haikuwa ya uongo. Ilikuwa rahisi tu, na gharama yake akiilipa mtu mwingine.

Alfajiri moja mzee, akiwa ameinama anafagia, alisema bila ya kuinua kichwa:

“Mwalimu, dua hiyo husomwa kimya. Wanavyuoni wamesema, asije akaisikia mwenye msiba akavunjika moyo.”

Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba, na saa hizo hakuna kelele ya kumfichia mtu mnong’ono wake. Mwalimu alitafuta la kusema.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umechelewa, lakini marahaba.”

Ikawa baada ya sala hukaa pamoja kwa kikombe cha kahawa na kashata. Siku moja mwalimu aliuliza kama alimshukuru Mungu nyumba ile ilipoanguka. Mzee alikawia kujibu. Mlikuwamo majirani wawili ambao hawakutoka.

“Nilishukuru kwa roho yangu,” alisema. “Sikuipima na yao.”

Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo. Mzee hakuonja hata senti. Kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kilizikwa na nyumba. Cha pili chataka barua ya sheha. Na sheha ataka kujua mtu akaa nyumba gani. Sheha wa alikokuwa alisema mzee kahama. Wa alikokuja alisema hajahamia. Wote wawili walisema kwa adabu. (Katika maneno ya ofisini hakuna linalochoma kama “hatukutambui” likitoka kinywani mwa mtu uliyembebea mizigo ya harusi yake.)

Mwalimu akafuatana naye kwa huyo wa pili. Maelezo yalipokwisha na kalamu isisogee, alisema:

“Basi andika nyumba yangu.”

Sheha alimtazama. “Analala kwako?”

Mwalimu alinyamaza. Nyumbani kwake mna ukumbi wenye makochi mawili, na usiku hapalali mtu. Ukumbi huo alikuwa akiushukuria kila alfajiri.

Mzee ndiye aliyejibu. “La, bwana sheha. Nalala barazani.” Akachukua bakora yake, akaaga, akatoka.

Siku ya pili, kabla ya adhana, baraza ilikuwa imekwisha kufagiwa. Mwalimu alisimama mbele yake, midomo ameifumba.