Safari Isiyo na Shughuli

Sisi tunaokaa Tanga mjini tunaunywa mto Zigi kila siku, na mara nyingi siku hupita bila mtu kuutaja. Maji hutoka milima ya Usambara Mashariki, huteremka bondeni, hukusanyika kwenye bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978, husafishwa, kisha hutufikia jikoni. Tunachokiona sisi ni bomba. Yakija na rangi ya udongo wakati wa masika tunanung'unika, tunayaacha yatuame ndooni, tunaendelea na mambo yetu. Niliishi na mazoea hayo kwa miaka bila kusumbuka. Kilichokuja kunisumbua ni jambo dogo tu, kwamba mto huu naujua kwa ladha lakini siujui kwa sura.

Ndipo nikaamua kuufuata kwa miguu, angalau kipande chake cha juu. Kutoka Muheza hadi Amani ni zaidi ya kilometa 30. Barabara ya vumbi hupita Bombani, huingia kwenye mitiki ya Longuza, hufika Kisiwani, hulikuta lango la hifadhi ya Amani mahali paitwapo Zigi kama mto wenyewe, kisha huanza kuparamia mlima. Wenye haraka hupanda gari au bodaboda. Mimi nilitaka kwenda peke yangu, kuanzia alfajiri hadi jua la jioni, nikiiacha barabara kila nitakapoona kijia kinachoshuka mtoni. Nyumbani waliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikasema siendi kwa mtu. Wakauliza, sasa unakwenda kufanya nini? Nikasema kutembea tu. Hawakunikataza, lakini niliona kwamba jibu langu halikuwatosha, na nilipolirudia moyoni wakati nafunga viatu, halikunitosha hata mimi.

Swali lile nilidhani nimeliacha nyumbani, kumbe lilikuwa limenitangulia njiani. Kijana wa bodaboda alisimama jua lilipokuwa bado halijachomoza. "Kaka, panda twende." Nikamshukuru, nikamwambia natembea. Akaniuliza kama sina nauli, akasema kwa upole kwamba hata kama sina, atanisogeza mbele kidogo. Nikamwambia nauli ninayo. Hapo ndipo alipokosa la kusema, akawasha pikipiki akaondoka, na mimi nikabaki na aibu nisiyojua imetoka wapi. Sikuwa nimemdanganya wala kumvunjia heshima. Lakini nilihisi kwamba ukarimu wake ulikuwa na maana iliyo wazi, na kukataa kwangu hakukuwa nayo.

Kila niliyekutana naye asubuhi ile alikuwa na jambo lake. Watoto walikuwa wakienda shule huku wameshika ndala mkononi ili zisiliwe na mawe. Wanawake wawili walibeba mikungu ya ndizi juu ya ngata, shingo zao zimenyooka, wakizungumza kana kwamba kichwani hamna kitu. Mzee mwenye panga alikuwa akienda shambani. Bonde zima lilikuwa linatembea, na halikuwa linatembea kwa raha. Mtu anayetembea kilometa kumi akiwa na mzigo hulitazama jambo la kutembea kwa jicho tofauti na la mtu aliyeomba ruhusa kazini ili akatembee. Nimewahi kusoma sifa za matembezi marefu, kwamba yanatuliza akili na kumrudishia mtu nafsi yake, na sizibishi. Ila nilijiuliza, na bado najiuliza, kama utulivu ninaoutafuta kwa kuacha usafiri si anasa ambayo mwenzangu angeiacha leo hii kama angekuwa na nauli ya kwenda na kurudi.

Longuza ilinipunguzia maswali kwa muda. Mitiki huangusha majani wakati wa kiangazi, na majani yake ni mapana, mengine yanazidi uso wa mtu, makavu, yamejikunja pembeni. Chini ya miti hiyo hakuna kichaka cha maana. Kuna majani tu, tabaka juu ya tabaka. Hatua yangu moja ilisikika mbali kiasi kwamba nilisimama mara kadhaa nikidhani kuna mtu ananifuata. Nilipokuwa nimesimama, kukawa kimya. Nilipoanza tena, yule mtu naye akaanza. Ilinichukua muda kuizoea sauti yangu mwenyewe, na nadhani huo ndio upweke wa kweli nilioupata siku nzima, kwa sababu sehemu nyingine zote nilikuwa na watu.

Karibu na Kisiwani nilishuka kijia kilichonifikisha kwenye shamba kando ya maji. Hapo mto hauna makuu, ni mawe makubwa ya kijivu, maji yanapita katikati yake, meupe pale yanapoanguka na ya rangi ya chai nyepesi pale yanapotulia. Mwenye shamba alikuwa anapalilia. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua, kisha naye akaniuliza lile lile. Nikamwambia ninakaa Tanga, na maji haya ndiyo tunayokunywa, nilitaka kuyaona. Akaweka jembe chini, akanipeleka hadi kwenye kigingi cha mti kilichochomekwa ardhini. Kutoka kwenye kigingi hadi majini hakukuwa na mahindi wala migomba. Kulikuwa na matete, majani marefu, na miche ya miti iliyoanza kufika kiunoni. "Hapo silimi tena," alisema.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilikuwa naijua sheria hiyo, na nilikuwa naiunga mkono kwa moyo wote, kama mtu anavyounga mkono jambo lisilomgharimu. Mita 60 mjini ni mwendo wa kutoka duka moja hadi la pili. Pale shambani nilizihesabu kwa macho. Ekari moja, ikiwa mraba, upande wake ni kama mita 64. Kwa hiyo mtu mwenye ekari moja iliyougusa mto, akiitii sheria sawasawa, hubakiwa na ukanda wa kama mita nne. Mwenyeji wangu alikuwa na zaidi ya ekari moja, na hakuwa analalamika. Alinieleza kwa utulivu kwamba zamani mvua kubwa ilikuwa inaondoka na udongo wake, na sasa udongo unabaki. Bondeni humu kuna umoja wa wakulima wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, na juhudi za namna hii zimezungumzwa sana. Lakini kuzisikia ni jambo moja, na kusimama kwenye kigingi ni jambo jingine. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, na wawekezaji waliitikia vizuri. Nilifurahi kama wakazi wengine. Sasa nikajikuta nawaza kwamba yule aliyenunua hatifungani ana karatasi inayoonyesha alichotoa na atakachopata, na huyu aliyetoa ukanda wa shamba ana kigingi. Sijui hesabu hiyo hufungwaje. Labda udongo uliobaki ni malipo yake, naye mwenyewe alisema hivyo. Labda mimi ndiye ninayetaka malipo hayo yatoshe.

Zigi yenyewe nilifika jua limepanda. Hapa Wajerumani walileta reli nyembamba mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuteremsha mbao, na nyumba ya mkuu wa kituo bado ipo, imekuwa mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997. Treni haipo, reli haipo. Juu zaidi, Amani, walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pande nyingi za dunia. Mmoja wa miti iliyopandwa huku na wageni ni mhesi, na huo haukungoja kupandwa tena: hondohondo hula matunda yake, huruka, huangusha mbegu kila palipo na uwazi, na leo unauona kote msituni, umenyooka, unakua kwa haraka kuliko wenyeji wake. Niliutazama muda mrefu. Aliyeupanda alikuwa na shughuli, tena shughuli ya maana machoni pake. Wazo hilo liliniondolea kidogo ile aibu ya asubuhi, lakini halikunipa sababu ya kujivuna. Kwamba shughuli za wengine zimeacha madhara hakuifanyi safari yangu tupu iwe njema.

Na kando ya maji, kwenye mwamba uliofunikwa na kuvumwani, niliona ua ambalo nilikuwa nalijua kwa picha tu. Ni mmea mdogo usiozidi kiganja, majani yake mazito yenye vinyweleo kama shavu la mtoto, maua ya zambarau na vidoa viwili vya njano katikati. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na jina la ukoo wake likabandikwa kwenye mmea. Kizazi cha ua hilo sasa kinakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, mamilioni kwa mamilioni. Hapa lilikuwa limeshika ufa wa jiwe, likinyweshwa na rasharasha za mto. Niliinama hadi magoti yakauma. Sikulichuma. Ingawa nakiri kwamba mkono ulinyooka kabla sijaufikiria.

Kutoka Zigi njia hupanda kwa kona nyingi, na ndipo miguu ilipoanza kunidai. Katika kona mojawapo alinikuta bibi mmoja akipanda, kikapu cha iliki mgongoni. Alinikuta, si mimi niliyemkuta. Alikuwa anatembea upesi kuliko mimi pamoja na mzigo wake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi?" Nikasema Amani. "Una ndugu?" Sina. "Una kazi?" Sina. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikutafuta jibu zuri. Nikamweleza yote kwa mkupuo, bomba la Tanga, maji, mto, kigingi cha yule bwana. Alisikiliza bila kupunguza mwendo, mimi nikihema nyuma yake. Kisha akasema, "Basi umekuja kutusalimia."

Alisema kama mtu anayeliweka jambo mahali pake, akahamia kwenye habari za bei ya iliki. Tuliachana penye njia panda, na mimi nikaendelea na ukungu wa Amani ukianza kushuka kwenye mashamba ya chai, nikilitafuna neno lake.

Hakuna mtu kwetu anayemuuliza aliyekwenda kusalimia kwamba alikwenda kufanya nini. Kusalimia ni shughuli kamili. Bibi yule alinipa sababu nzuri kuliko niliyotoka nayo nyumbani, na ningeweza kuipokea nikalala usingizi mzuri. Lakini kusalimia kuna adabu zake, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona kwamba hakunipa udhuru, alinipa wajibu. Anayekwenda kusalimia huwajua majina wenyeji wake. Haendi mikono mitupu. Hurudi tena, na huwa tayari kupokea ugeni kwake. Mimi sikuwa na hata moja katika hayo. Nilikwenda kuona maji yanakotoka, kana kwamba yanatoka mahali tu, nikakuta yanatoka kwa watu vilevile, kwa aliyeacha kulima hadi ukingoni, kwa anayelima iliki mlimani na kulazimika kupima msitu na mfuko wake kila msimu.

Nimezungumza na jamaa mjini tangu wakati huo, na majibu yametofautiana. Yupo anayesema kila mlipa ankara ya maji angechangia kidogo kwa wanaotunza mto huko juu. Yupo anayesema fedha ikiingia, umoja wa watu huvunjika. Wote wawili nimewaona wana hoja, na mimi sijafika mahali pa kuchagua. Ninachokijua ni kidogo. Nitakwenda tena, kwa miguu kama nguvu ikiruhusu, na safari hiyo nitabeba kitu mkononi, hata kikiwa kidogo, nami nitauliza majina. Kama huko ndiko kulipa deni au ni kujiridhisha mwenyewe kwa namna iliyo bora kidogo, nadhani watakaoweza kuniambia ni wenyeji, wakiisha kunizoea.